Mgeni wa Binafsi

Binti yangu alininunulia jua. Ndivyo alivyoniambia kwenye simu: "Baba, nimekununulia siku nzima. Asubuhi chemchemi, mchana ufukweni, jioni unalitazama jua likizama. Na ni ya binafsi, Baba. Gari lako peke yako, dereva wako peke yako, hakuna wa kukusumbua." Nikamshukuru sana, maana mimi nililelewa kushukuru hata soksi zinazobana.

Lakini jamani, mimi ni kinyozi! Maisha yangu yote nimekula kwa midomo ya watu. Mtu anakaa kwenye kiti, namfunga shuka shingoni, na kabla sijawasha mashine ameshaanza kuniambia habari za mama mkwe wake. Mtaani wananiita Daktari wa Vichwa, na si kwa sababu ya mkasi. Kuniahidi siku nzima bila wa kunisumbua ni kuniahidi nikae chini ya maji nisipumue.

Sikumwambia hivyo. Kulikuwa na jambo kubwa zaidi la kumwambia siku hiyo ya safari, na nilikuwa nimelitunza kwa ajili ya jioni.

Binti yangu ni muuguzi. Anafanya kazi mbali, kwenye nchi ambako akinipigia simu asubuhi yangu, kwake ni saa ya kulala. Mkataba wake ulikuwa unaisha na hospitali ilitaka asaini mwingine, wa miaka minne, na siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa hiyohiyo ya safari yangu. Wiki nzima alikuwa ananiuliza swali moja: "Baba, sema kweli. Ukiniambia nirudi, narudi." Na wiki nzima nilikuwa namjibu kama mwanasiasa, naanza na hali ya hewa, namaliza na bei ya sukari. Mwishoni tukakubaliana kwamba atanipigia jioni, jua likizama, tukiwa tunaonana, nami nimpe jibu lililonyooka.

Jibu nilikuwa nalo. Jibu lilikuwa: rudi.

Mama yake alifariki mwaka jana. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na mimi natumia kimoja na nusu. Redio naiacha inaongea nikienda kazini, ili nikirudi jioni nikute kuna mtu anazungumza ndani. Chakula nakula nimesimama jikoni, sufuria mkononi, maana kuandaa meza kwa ajili yangu tu naona kama naigiza. Na kisogo changu alikuwa anakinyoa mke wangu. Kila Jumamosi tukishafunga duka nakaa kwenye kiti cha wateja, yeye anashika wembe, ananigombeza kwamba natikisika kama mtoto anayechomwa sindano. Tangu tumzike navaa kofia. Kwenda kwa kinyozi mwingine siwezi, watu watasema nimefilisika mikono. Basi nywele za kisogoni zimejiotea zinavyotaka, na mimi ndiye napita mtaani nikiwatengeneza wenzangu.

Dereva alifika asubuhi mapema. Mtu mzima wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinang'aa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Akanifungulia mlango wa nyuma, akanipa chupa ya maji ya baridi, akafunga mlango taratibu kama anafunga kabati la vyombo, akaondoa gari. Gari lenyewe lilikuwa na viti vya kutosha harusi ndogo. Nikajichagulia kimoja nyuma yake, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na binadamu.

"Barabara hii siku hizi imekuwa nzuri," nikaanza.

"Ndiyo, mzee."

"Zamani ilikuwa mashimo matupu."

"Ndiyo, mzee."

"Una watoto?"

"Wawili, mzee."

Nikangoja aniulize wangu wangapi. Hakuuliza. Nikajaribu mpira, nikajaribu mvua, nikajaribu hata siasa, kitu ambacho dukani kwangu kimepigwa marufuku. "Ndiyo, mzee." Nikaanza kukasirika. Huyu ana nini? Nimemkosea nini? Nikabaki kukitazama kisogo chake, nacho kilizidi kunipandisha hasira, kwa sababu kilikuwa kimenyolewa na mtu asiye na hofu ya Mungu. Mstari wa kulia ulianzia juu, ukashuka kushoto, ukapotelea kwenye kola. Njia nzima mpaka msituni kwenye chemchemi nilikuwa na wasafiri wawili, mimi na mstari ule.

Kwenye geti la chemchemi kulikuwa na mama mmoja anayekata tiketi. Akachungulia ndani ya gari. "Mko wangapi?"

"Mgeni mmoja," dereva akajibu.

"Wenzake wanakuja nyuma?"

"Hakuna wenzake. Ni wa binafsi."

Yule mama akanitazama kwa huruma, akanipa tiketi yangu na tabasamu la kufariji, kama amepewa habari ya msiba. Nikajikaza kisabuni nikashuka.

Niseme ukweli, mahali penyewe palikuwa pazuri. Miti mikubwa, mizizi imeingia majini, na maji yametulia, safi kiasi kwamba unayahesabu mawe ya chini. Yanatoka ardhini yakiwa na uvuguvugu. Dereva alisimama kando ya njia, mikono nyuma, kama askari wa benki. Mimi nikavua shati na viatu, kofia nikabaki nayo, nikaenda mbali kidogo nikakaa juu ya jiwe, miguu majini.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya mazoezi. Nilijua nikiacha mpaka jioni nitaanza tena na bei ya sukari. Nikasema kwa sauti ndogo, nikiyaambia maji: "Mama, rudi nyumbani. Nyumba imenishinda." Binti yangu namwita mama, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu. Nikasema tena. Mara ya tatu sauti ikanikatika kwenye neno la mwisho, nikaona bora nisimame niseme kwa nguvu, kifua mbele. Nikasimama. Jiwe lilikuwa na utelezi, na mimi nilikuwa na heshima zangu. Mimi na heshima zangu, sote tukaingia majini.

Mtu ukianguka ghafla kwenye maji hujui kina. Nilipiga mikono, nikanywa mafunda kadhaa, nikaamini kabisa kwamba mwisho wangu umefika na binti yangu ndiye aliyeulipia. Kisha nikasikia kishindo, na mkono ukanidaka juu ya kiganja.

"Nimekushika, mzee! Nimekushika! Usiogope!"

Dereva alikuwa ameruka na shati lake, suruali yake, na vile viatu vinavyong'aa. Alinivuta, nikasimama. Yeye pia akasimama. Maji yakatufika kiunoni.

Tukatazamana. Kofia yangu ilikuwa inaelea, inaenda zake. Nikaanza kucheka. Nilicheka mbavu zikauma, tukajikokota hadi ukingoni, nikakaa pale kwenye maji madogo, machozi yananitoka, nikinyoosha kidole kwenye viatu vyake, na kila nikijaribu kuacha nakiona kiatu kinatema maji, naanza upya. Na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi, huku bado ameushika mkono wangu.

Nitasema kilichonichekesha, maana si viatu peke yake. Siku ya mazishi watu wote walinishika mkono. Kisha kila mtu akaondoka na mkono wake. Mimi ndiye nashika vichwa vya watu kutwa, lakini tangu siku ile hakuna aliyenishika mimi, mpaka huyu bwana wa "ndiyo, mzee" aliponidaka majini na kunikamata kama kitu kisichotakiwa kupotea. Nilifurahi mno, na furaha ilikuwa ya mkono tu.

Alipotoka akachukua simu yake aliyokuwa ameitupa kwenye majani. "Mzee, baki hivyohivyo." Akanipiga picha, nikiwa nimekaa majini, kichwa wazi, mdomo wazi mpaka jino la mwisho. "Picha zote tunamtumia aliyelipia," akasema. "Ndio utaratibu. Niitume hii, au tupige nyingine umevaa?"

"Tuma hiyo!" nikamwambia kwa majivuno. "Tuma aone alichomfanyia baba yake."

Akaituma palepale.

Tuliporudi garini, yeye amelowa na mimi nimejifunga taulo, ulimi wake ulikuwa umefunguka kidogo. Nikamuuliza bila kumung'unya maneno kwa nini alikuwa amefunga domo tangu asubuhi.

"Mzee, nisamehe," akasema. "Tumeagizwa. Mgeni wa kundi unamchangamsha, unamtania, unaimba naye. Mgeni wa binafsi haongeleshwi. Wakubwa wanasema anayelipa zaidi analipia utulivu wake."

"Kwa hiyo binti yangu amelipa zaidi ili nisiongeleshwe."

"Ndiyo, mzee," akasema, kisha akajishtukia, tukacheka tena.

"Na wale wa kundi?"

"Wale leo wako na mwenzangu. Basi limejaa. Kuna wazee wengi, wanapenda sana kupiga soga."

Nilifikiria lile basi, wazee wamekaa wamebanana, wanadanganyana kuhusu ujana wao, na nikaona wivu wa wazi kabisa.

Katika kazi yangu kuna jambo moja ninalolijua: mtu haulizwi la moyoni akiwa anakutazama. Unamwuliza ukiwa nyuma yake, kichwa chake ameinamisha. Basi nikamwuliza dereva, nikiwa nyuma ya kisogo chake kibaya, kama wazazi wake wapo.

"Mama yupo. Yuko kijijini. Naenda kumwona mwezi kwa mwezi, kazi ikiruhusu."

"Anaishi na nani?"

"Peke yake." Akakata kona. "Kila nikimpigia ananiambia, mimi mzima, mwanangu, chapa kazi."

"Na wewe unaamini?"

"Naamini, mzee. Nisipoamini nitashikaje huu usukani?"

Nikatamani nisingeuliza. Niliegemea kiti nikatazama nje, na mpaka tunafika ufukweni hakuna aliyesema neno, safari hii bila agizo la wakubwa.

Ufukweni nilikuwa nimeandaliwa mwavuli mmoja na viti viwili. Nikamwambia dereva aje akae, akakataa. Gari haliruhusiwi kuachwa, na viatu vyake alikuwa ameviweka juu ya boneti vikauke. Nikaenda peke yangu. Mchanga ulikuwa mweupe, watoto wanakimbizana na mawimbi, watu wanapakana mafuta migongoni. Nikakaa kwenye kiti kimoja na shati langu nikaliweka kwenye kile cha pili. Kofia ilikuwa imeshachukuliwa na chemchemi, kwa hiyo kisogo changu kilikuwa hadharani na upepo unakipapasa.

Mama mmoja akaja, ana wajukuu watatu na viti viwili. "Samahani, kaka. Kiti hiki kina mtu?"

"Kina mtu," nikajibu.

Akaomba radhi akaenda kutafuta kwingine. Nami nikabaki nakitazama kiti na shati langu juu yake, nikajiuliza nimedanganya kwa nini. Ningempa kile kiti, angekaa karibu, tungeongea habari za wajukuu mpaka jua lipungue. Lakini kukitoa kile kiti mbele ya watu, nikabaki na kimoja, sikuweza. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona uchungu, na uchungu ule ukanifanya nikate shauri: jioni nasema. Sitazunguka. Rudi nyumbani, mama, nyumba imenishinda. Miaka minne mingine mimi siiwezi.

Mahali pa kutazamia jua palikuwa juu ya kilima, pamezungushiwa ukuta mfupi wa mawe, bahari yote iko chini yako. Kulikuwa na watu wengi na wote walikuwa wamekuja wawili wawili. Vijana wamekumbatiana, wazee wameshikana viwiko. Lile basi la kundi lilikuwa limefika. Niliwasikia wazee wakibishana ni upande gani hasa jua litaingia, kana kwamba linaweza kubadili mawazo. Dereva alinitafutia nafasi pembeni penye mtandao mzuri, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama.

Simu ikalia. Nikaipokea, na uso wa binti yangu ukajaa kwenye kioo. Kwake kulikuwa kumekucha, naye ndiyo kwanza anamaliza zamu ya usiku: amevaa sare za kazi, kwenye chumba cheupe, nywele zimefungwa. Paji la uso ni la mama yake.

"Baba!" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Baba, ile picha! Nimeionyesha wodi nzima! Mpaka wagonjwa wamekuona!"

"Sijavaa shati, mama. Unanitembeza uchi kwa wagonjwa?"

"Baba, hujacheka hivyo tangu Mama alipokuwepo. Kweli, hujacheka hivyo." Akajifuta macho kwa kiganja. "Sikiliza nikuambie. Wiki nzima nilikuwa sili. Nilishawaambia wenzangu kwamba pengine sisaini. Nilikuwa nakuona umekaa peke yako ndani, usiku silali. Leo nilikuwa niandike barua ya kuondoka, nimeshaanza kabisa. Ikaingia picha. Nikaitazama, nikasema, asante Mungu, Baba yuko sawa. Nikala. Nimekula sahani mbili!"

Mimi nilikuwa nimeshika ukuta kwa mkono mmoja. Kwa hiyo alikuwa anarudi. Bila mimi kusema, bila mazoezi, alikuwa ameshaanza kurudi, na nilichomzuia nacho ni kicheko changu mwenyewe.

"Sasa sema mwenyewe, Baba," akasema. "Tulikubaliana. Niko mbele ya kompyuta, imebaki kubonyeza tu. Nisaini, au nirudi?"

"Mama," nikasema.

"Naam, Baba."

Maneno yalikuwepo, yamejipanga mdomoni. Nikamtazama. Kuna wateja wanakaa kwenye kiti wanakuuliza, fundi, unaonaje, nizitoe hizi ndevu? Unawaangalia kwenye kioo unaona wameshaamua, wanakuogopa tu usije ukasema vingine. Uso ulikuwa huo. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza katika wiki, na alikuwa anaomba nisimwamshe. Angerudi, hilo sina shaka. Ningesema tu, na angefunga mizigo, na angekuja, na kila asubuhi angenipikia chai akiwa na uso mwingine.

Ningemwelezaje ile picha? Kwamba nilicheka kwa sababu mtu nisiyemjua alinishika mkono?

Nikahisi midomo inaanza kucheza, na macho yanajaa. Angeniona sasa hivi. Nikatafuta kwa kidole kile kialama cha kugeuza kamera, alichonifundisha yeye mwenyewe, nikakibonyeza.

"Kwanza tazama ulichonunua," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu. Jua lilikuwa limegusa maji, jekundu, kubwa, na njia ya mwanga imenyooka mpaka chini ya kilima. "Ooh, Baba. Baba, ona! Unaliona?"

"Naliona," nikasema. Sikuwa naona kitu. Macho yalikuwa yamefurika, na jua na bahari na watu vilikuwa kitu kimoja chenye rangi ya chungwa.

"Niambie basi."

"Saini, mama."

"Kweli?"

"Mimi mzima. Chapa kazi."

Nilisikia nyuma yangu dereva akikohoa kidogo, kisha hatua zake zikaenda mbali. Kwenye simu nikasikia vitufe, kimoja, kingine, kisha pumzi ya binti yangu ikatoka yote kwa mara moja. "Tayari," akasema. "Nimesaini, Baba. Siamini. Nashukuru sana, Baba yangu." Akaanza kunieleza habari za likizo, kwamba mwaka kesho kutwa akipewa atakuja wiki mbili nzima, na kwamba kila mwaka atakuwa ananinunulia siku kama hii, ya binafsi, ili nisibanane na watu. Nikawa naitikia, ndiyo, mama. Ndiyo, mama.

Jua likazama. Watu wakapiga makofi kidogo, wakaanza kuteremka kwenye magari wawili wawili, wazee wa basi wakiwa bado wanabishana. Kijani kikatoka kwenye miti, bahari ikawa nyeusi, na sehemu lilipoingia jua hapakuwa na tofauti tena na sehemu nyingine.

"Baba, kumeshakuwa giza huko," binti yangu akasema. "Geuza simu sasa, nikuone."

"Ngoja kidogo, mama."

"Nione uso wako tu, nikalale vizuri."

"Ngoja kwanza," nikasema, na simu nikaiinua juu zaidi, nimeielekeza kwenye lile giza. "Bado kuna mwanga kidogo. Tazama."